Kigari kinang'aa, fundi hana raha

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Micah Waithaka ameketi juu ya kreti la soda nje ya gereji yake ndogo mtaani Kaptembwo, jijini Nakuru. Mkono wa kushoto ameshika kigari cha kuchezea chenye urefu wa kiganja. Wa kulia ameshika msumari.

Anausogeza msumari karibu na sehemu ya nyuma ya kigari, anasita, anaurudisha mfukoni. Dakika mbili hazijaisha, ameutoa tena. Amekuwa akifanya hivyo tangu afungue kazi, na pikapu ya mteja inayosubiri kupigwa msasa bado haijaguswa.

"Boss, usinipige picha nikiwa na hii msumari," anamwambia mwandishi. "Itakaa ni kama nimeshaamua."

Waithaka, 53, ni fundi wa kupuliza magari rangi. Siku nzuri hutia mfukoni Sh2,000. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi peke yake. Hata hivyo, majirani hawamjui kwa rangi. Wanamwita Fyucha, yaani wakati ujao, na jina hilo limetokana na vigari.

Akipata nafasi, hutengeneza vigari kwa bati la mikebe na kukarabati vya chuma vilivyochakaa. Sharti lake ni moja tu: kiwe mfano wa magari ya maonyesho, yale ambayo viwanda vya ng'ambo huunda moja tu ili kuwaonyesha watu magari ya kesho yatakavyokuwa, kisha hayauzwi kamwe. Ukimletea kilori atakurudishia. "Lori ziko hapa barabarani zinatupea vumbi bure," asema.

Ugonjwa huo ulimpata utotoni, huko Bahati. Mamake alibandika kurasa za magazeti ukutani kwa uji wa unga ili kuzuia upepo, na juu ya kitanda cha Micah palikuwa na picha ya gari la rangi ya machungwa, jembamba mbele na nene nyuma, lenye milango ya kufungukia juu.

"Nilijua nikifika miaka thelathini, Nakuru yote itakuwa imejaa hizo gari," asema. "Ona sasa, niko fifty-three na bado napiga Probox rangi." Anacheka, lakini kicheko kinakatika upesi.

Basi wiki tatu zilizopita, gari la ukutani liliingia gerejini mwake, dogo la kutosha kukaa mfukoni. Lililetwa na Mwalimu Jeruto, 44, anayefundisha shule ya msingi kule Subukia. Gurudumu moja lilikuwa limeng'oka. Babake Jeruto alikiokota kigari hicho mwaka wa 1985 katika stoo ya shamba lililokuwa la mlowezi, familia ilipohamia hapo. Jeruto na kakake Kipkirui walikichezea hadi rangi ikaisha pembeni.

Jeruto alitaka gurudumu tu. Walikubaliana Sh400.

Ukarimu ndio uliomponza fundi. Waithaka na wenzake wanaopuliza rangi mtaani humu wana desturi yao: gari halirudi kwa mwenyewe likiwa na mikwaruzo, hata kama lililetwa kwa sababu ya taa. Unaongeza kitu juu, bila malipo, ili mteja apigwe na butwaa. Waithaka alikisugua kigari hadi kikabaki chuma kitupu, akakipulizia rangi ya machungwa aliyoikumbuka, kisha vanishi mara tatu. Kikang'aa kweli kweli.

Siku mbili baadaye, simu ikalia.

"Fundi, nilisahau kukuambia," Jeruto alisema. "Pale nyuma usiguse kabisa. Kuna jina Kipkirui aliandika na msumari akiwa mdogo."

Kipkirui alifariki miaka minne iliyopita. Mama yao, 77, haoni vizuri tena, na kila jioni hukipakata kigari na kulipapasa jina hilo kwa kidole gumba. Alikubali kiondoke nyumbani kwa shingo upande. Kesho Jumamosi, saa nne, anakuja na bintiye kukichukua.

"Nikamwambia, sawa mwalimu," Waithaka asema, sauti imeshuka. "Nikakata simu. Mdomo ilisema sawa kabla nifikirie."

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Mkewe, Becky, anayeuza mboga hatua chache kutoka gerejini, asema hata usingizi umemhama. Yeye haoni ugumu uko wapi. Kabla ya kukileta kigari, Jeruto alikuwa amemtumia Waithaka picha kuonyesha gurudumu lililong'oka, na jina, ambalo wakati huo alilidhani ni mikwaruzo tu, linaonekana wazi.

"Si aandike tena kama vile ilikuwa?" asema Becky huku akikatakata sukuma. "Huyo mama haoni. Najua ni uongo, lakini ni uongo ya kupea mtu amani."

Waithaka amejaribu. Kando ya kreti kuna mikebe tisa ya rangi, na kila mmoja umechorwa KIPKIRUI kwa msumari, R ikiwa imegeuka nyuma jinsi mtoto alivyoiandika. Mwandishi aliulinganisha mkebe wa tisa na ile picha. Kusema kweli, tofauti hakuiona.

"Hiyo ndiyo inaniogopesha," asema Waithaka. "Ingetoka vibaya ningeachana nayo. Sasa imetoshana. Huyo mathe atashika, atafurahi, na ni mkono yangu atakuwa anashika akidhani ni ya kijana wake. Kila jioni. Mpaka Mungu amuite."

Saa nne na nusu, anauweka msumari chini na kupiga simu. Anaweka spika, labda ili asijikute peke yake.

"Mwalimu, ile jina haiko," asema. "Niliisugua kabla unipigie. Halafu nikakuficha."

Kwenye spika watoto wa shule wanasikika wakipiga kelele za mapumziko. Waithaka amefumba macho.

"Yote?" Jeruto auliza.

"Yote, mwalimu. Pole. Pole sana."

"Mama amefua hata kile kitambaa huwa anafungia kigari ndani yake," Jeruto asema hatimaye. "Mimi siwezi mwambia, fundi. Tutakuja saa nne. Utamwambia wewe."

Simu inakatika. Becky ameacha kukata mboga na anamtazama mumewe.

Kama ataendelea na vigari au ataviacha, asema Waithaka, ataamua baada ya kesho. Kwa sasa mpango wake unaishia saa nne. Atamkaribisha mama huyo aketi, naye atapiga magoti chini mbele yake. Kigari atakiacha ndani kwanza.

"Nikimpea kwanza, kidole itafika pale nyuma kabla maneno yangu ifike," asema. "Kwa hivyo nitamshika mikono yote miwili, nimwambie, mama, ni mimi nilimfuta. Halafu ninyamaze, aseme yeye."