Miaka Yangu ya Kusikiliza, Tarime na Serengeti

Siku niliporipoti kazini Tarime, Mganga Mfawidhi wa hospitali alinizungusha wodi zote, kisha akanifungulia chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. "Mama Robi," akasema, "watu wa huku wakija hospitali wanataka sindano au vidonge. Wewe utawapa nini?"

"Nitawasikiliza, daktari."

Akacheka, lakini kesho yake akaniletea viti viwili na pazia la dirisha. Ndivyo nilivyoanza tiba ya mazungumzo.

Nyie vijana mnaofanya kazi hii leo mmezoea neno mteja. Sisi tulilichagua kwa makusudi: mgonjwa anapokea tu, mteja ana la kusema. Yeye ndiye anayesema tatizo ni lipi na lini anaona imetosha. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza, kisha kumrudishia kwa maneno yangu nilichoelewa ili anisahihishe. Hiyo tuliiita kuakisi.

Aliyenifundisha zaidi nitamwita Masanja, ingawa silo jina lake. Alikuwa mchimbaji kutoka Usukumani, akifanya kazi kwenye machimbo ya Kemambo. Asubuhi moja aliamka na homa, mdogo wake akaingia zamu badala yake kwenye duara, lile shimo la dhahabu. Kifusi kikamfukia. Ndugu waliusafirisha mwili kwenda kwao, lakini Masanja hakusindikiza. Akaacha kula, akaacha kuongea, wenzake wakamleta kwetu.

Kila mtu alikuwa na la kumwambia. Wachimbaji walimtaka abadilishe kazi, mchungaji alimtaka aombe. Hata Mganga Mfawidhi alinivuta pembeni. "Mwambie arudi kwa mama yake. Kijana ataisha huyu."

"Nikimwambia mimi, atakuwa ametii tu. Ngoja tutafute njia pamoja naye."

Akanitazama. "Haya. Lakini hakikisha anakula."

Masanja akawa anakuja, anasema shikamoo mama, anakaa, anaangalia dirisha. Nikikaa naye, nilihakikisha amekunywa uji. Wiki zikapita. Siku moja akasema, "Kila mtu ananiambia sina kosa."

"Na ukisikia hivyo?"

"Naona wananifunga mdomo."

"Kuna jambo unataka kuwaambia."

"Hapana mama, si wao. Nataka kumwambia mama yangu." Machozi yakamtoka. "Ila naiogopa sauti yake."

Nikamuuliza nini kingemrahisishia. Akafikiri sana. Akasema angepiga simu palepale chumbani, nami nikae karibu, nisiseme kitu. Basi akapiga. Kisukuma sikijui. Nilisikia yeye akieleza kwa kukatakata, halafu sauti ya mwanamke, ndefu na ya chini, halafu wote wawili wakilia. Alipokata simu akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Anasema kila mtu anayetoka huku, yeye humuuliza kama homa yangu ilipona."

Alikwenda kwao akakaa mpaka mavuno. Aliporudi kuchimba aliniletea michembe, viazi vilivyokaushwa, zawadi kutoka kwa mama yake.

Baadaye nilihamishiwa Serengeti, nikizunguka zahanati za Kisaka na Mbalibali. Kule nilikuwa na mzee aliyekataa kuacha ng'ombe wake kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo tulizungumza tukiwafuata malishoni, kwa Kikurya, maana uchungu wake ulikuwa kwa Kikurya. Mganga wa zahanati aliniuliza, "Hiyo nayo ni tiba?" Nikamjibu kwamba mwenyewe mzee ndiye ameichagua.

Sasa nimestaafu. Mwaka huu mume wangu amefariki, nami nikajikuta nimekaa kiti cha mteja, mbele ya binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Alijua nimefanya kazi hii miaka mingi.

"Mama," akasema, "sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu, mwanangu. Niulize habari za mume wangu."

Akasogeza kiti karibu, akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza kumsimulia.