Wacha Ikuje

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na matanga hapa Busia. Vijana wa kanisa letu waliponiomba tutengeneze video fupi ya usalama kazini, nilidhani ni shughuli ya asubuhi moja tu. Shule zilikuwa zimefungwa na wengi wao walikuwa na vibarua: huyu anachomelea vyuma, yule anasaga mahindi, mwingine anapakia magunia kule Malaba. Walitaka video iwafikie wenzao kwa simu.

Wakaniletea walichoandika. Loo! Mzee mwenye tai amesimama anasema, "Vijana, usalama ni jukumu letu sote."

"Hii ni video ama ni baraza la chifu?" nikawauliza. "Nyinyi wenyewe mngeitazama?"

Wakacheka. Nikamwambia kila mmoja anisimulie jambo lililompata yeye mwenyewe, na asijaribu kuongea kama mwalimu.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akichechemea. Baba yake ana lori la kubeba mahindi, na wakati wa likizo binti ndiye husimama nyuma ya lori kumwelekeza anaporudi kinyumenyume kuingia stoo. Likizo iliyotangulia, gurudumu lilimkanyaga mguu wa kushoto, akapoteza vidole viwili. Zamu yake ilipofika alisema hana la kusimulia, kwa sababu yalikuwa makosa yake.

"Makosa gani?"

"Baba anasema sikupiga kelele."

"Na wewe unasemaje?"

Akaangalia chini. "Nilipiga. Lakini yeye ni baba."

Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Mtoto kapoteza vidole, na bado kabebeshwa lawama! Na Jumatatu alikuwa anarudi kusimama nyuma ya lori lile lile.

Nilienda Malaba, kwenye stoo yake, kumwomba baba atuazime lori tuigize tukio lile, na yeye mwenyewe aliendeshe. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. "Madam, huyu mtoto huwa anaota mchana," aliniambia. "Angepiga kelele ningesimama. Mimi si mnyama." Sikumbishia, maana lori nililihitaji.

Siku ya kurekodi tulikusanyika na vijana wote uani pale stoo, na pale ambapo binti husimama nikaweka kreti tupu la soda. Yeye nikamsimamisha kando kabisa, karibu na geti. Mimi nikapanda ndani na baba, simu yangu ikirekodi sauti, na kamera nikaiacha imewashwa pale getini. Makubaliano yalikuwa rahisi: lori lirudi, binti aelekeze kama kawaida yake, na akipiga kelele baba asimame kabla ya kreti.

Wimbo wa kurudisha lori hapa mpakani kila mtu anaujua. "Kuja, kuja, wacha ikuje, wacha ikuje," yaani liache lije, halafu "hapo!" la kusimamisha. Injini inanguruma, kioo kimefungwa kwa sababu ya vumbi, na dereva anashika mdundo tu, si maneno. Binti akaanza: kuja, kuja, wacha ikuje. Kisha akapaza sauti yake yote: "Wacha! Wacha!"

Niliisikia vizuri. Baba pia aliisikia, maana alitikisa kichwa kuitikia, akaendelea kurudi. Kreti likapasuka chini ya gurudumu.

Akazima injini, jasho likimtoka. "Si amesema wacha ikuje?"

Nikamwekea sauti kwenye simu. Wacha. Wacha. Hakukuwa na "ikuje" baada yake. Akasikiliza tena, simu imebanwa sikioni. Mtu akiogopa hakumbuki kusema "hapo"; anapiga kelele "wacha!" kama anavyomwambia yeyote anayemuumiza. Na dereva, aliyezoea wimbo, anamalizia mwenyewe "ikuje".

Baba alishuka. Binti bado alikuwa getini, na kabla hajaulizwa chochote akasema, "Samahani, baba."

Baba alitazama lile kreti, kisha ule mguu. "Hata siku ile ulisema," alimwambia. Akageuka akashika mlango wa lori. Mimi niliyekuja na hasira zangu nilijikuta nalia kama mjinga.

Vijana waliipanga video yao hapo hapo uani, wakikatizana maneno. Walikubaliana kwamba neno la kusimamisha lori ni "simama" pekee, na kwamba asiyeonekana kwenye kioo cha dereva hana ruhusa ya kuelekeza. Jumatatu hiyo binti hakurudi nyuma ya lori. Baba alimtafuta mtu mzima, na siku hizi hushuka kwanza akatazama nyuma mwenyewe.

Nilipokuwa nakata video, nilifika pale baba anapomwambia binti yake "ulisema". Nikaona hayo ni ya kwao wawili, nikampigia simu kumwuliza nifanye nini.

"Hiyo wacha," akasema.

"Wacha nitoe, ama wacha ikae?"

"Wacha ikae, madam. Madereva wasikie."