Mama Mizani na Bolti za Kobe

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja ilikuwa Alhamisi, na haikuwa na jambo. Mke wa Fundi alichemsha chai, akaweka vikombe viwili, akakaa upande wa dirishani kama kawaida yake. Fundi akaja na Kobe kwapani, akamtua mezani katikati ya vikombe.

Kobe alikuwa roboti. Fundi alimtengeneza kwa mikono yake mwenyewe: bati lililokunjwa kama gamba, magurudumu mawili, betri tumboni, na mbele kisu cha chuma cha kuzunguka. Kazi yake ilikuwa kupigana na roboti wenzake kule chuo cha ufundi, mara moja kwa mwaka, ndani ya ulingo wenye kuta za plastiki nene.

Mkewe hakugusa chai.

"Pini iko wapi?" aliuliza.

Fundi akamwambia betri ameitoa, kisu hakizunguki hata kwa dawa. Mkewe akakunja mikono, akaiacha chai ipoe. Fundi akajipekua mifuko ya suruali, akajipekua ya koti, mwishowe akaikuta pini kwenye mfuko wa shati, palepale mkewe alipokuwa anapatazama tangu mwanzo. Akaichomeka kwenye tundu la kisu, kisiweze kuzunguka. Ndipo mkewe akainua kikombe.

Walizungumza habari za bomba linalovuja. Walipomaliza, mkewe akamwinua Kobe kwa mkono mmoja, akamkabidhi mlangoni, na akamtania kidogo kuhusu bolti, maana Fundi alikuwa na ugonjwa wa bolti. Fundi akaguna, akaenda zake karakana. Kabla ya saa sita jirani akaja mbio kumwita. Mkewe alikuwa ameanguka karibu na sinki. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, na hata angekuwepo mtu pale, asingeweza kufanya lolote.

Mkewe, watu walimwita Mama Mizani. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minane, kwenye dirisha la vifurushi pale posta, na alikaa hapo miaka ishirini na saba. Mkono wake ulikuwa umezoea mpaka basi: akiinua kifurushi alikuwa anajua kina uzito gani, na hakosei sana. Lakini hakuandika kitu mpaka mizani iseme. Wapo waliojaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akawatajia bei ileile. Siku ya kustaafu wenzake walimpa jiwe la shaba la nusu kilo, lile la kujaribia mizani. Akina mama wengine wangetaka kitambaa. Yeye alilifuta jiwe lile kila Jumamosi.

Binti yao alikuwa mwalimu pale chuoni, na ndiye aliyeanzisha mashindano ya roboti. Mwaka wa kwanza waliazima mizani ya muuza nyama, na nusura watu wazima watatu wakunjane mashati. Binti akaja nyumbani kichwa kikimuuma, akamwambia mama yake kwamba pale chuoni kila mtu ana rafiki yake, na wanaotaka kupima kwa haki hawana ubavu wa kukataa. Akamwomba aje.

Mama Mizani hakuwa na habari na roboti. Aliuliza sheria zilipo. Akazisoma mara mbili kimya, halafu mara ya tatu kwa sauti huku akimenya viazi, ili Fundi asikie, kwa kuwa Fundi hakukaa darasani hata siku moja. Uzito usizidi kilo moja na nusu. Hakuna moto, hakuna maji, hakuna gundi, wala kamba za kumnasa mwenzako. Swichi ya kuzimia ifikike kwa kidole bila kufungua kitu. Kisu kiwe na pini tangu nyumbani, na iwe kitu cha mwisho kutolewa, roboti ikiwa tayari ndani ya ulingo. Pambano ni dakika tatu. Roboti isiyosogea inahesabiwa mpaka kumi. Anayeona yake inakufa apige meza kwa kiganja, na pambano litasimamishwa.

Aliuliza kwa nini kilo moja na nusu, kwa nini isiwe mbili. Binti akasema hakuna sababu, walikaa tu wakachagua.

"Basi," alisema, "kama mmechagua, ndiyo hiyo."

Mwaka uliofuata akaenda na mizani yake mwenyewe, ndani ya sanduku la mbao, na jiwe lake la shaba. Mwaka huohuo bwana mmoja aliweka roboti mezani bila pini, rimoti iko mfukoni. Alipoinama kutia sahihi mfuko ukabonyea, kisu kikaruka, kikamega ncha ya kidole gumba cha Mama Mizani. Alikifunga kwa leso, akapima roboti zote zilizobaki, tisa, kisha akaenda kushonwa. Tangu hapo hakumsalimia mtu kabla ya kuuliza pini. Washindani wakawa wanamwigiza sauti, mpaka ikawa salamu yao. Unamkuta mtu njiani anakwambia, "Pini?" nawe unamjibu, "Ipo."

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Aliingia ulingoni mwaka wa tatu, baada ya kutazama mara mbili na kuona chuma kilivyochomwa hovyo. Hapo ndipo alipogundua sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mizani ya mkewe haikumpima Kobe nyumbani. Fundi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mkewe alisema washindani wengine hawana mpimaji anayelala kitanda kimoja nao. Alikataa hata kumshika Kobe. Akitaka kufuta meza, alimwita Fundi aje amsogeze.

Basi Fundi akawa anampima Kobe dukani, kwenye mizani ya sukari.

Mwaka jana mizani ya sukari ilisema kilo moja na nusu kamili. Ya Mama Mizani ikasema gramu tisa zaidi. Fundi alimwambia polepole, ili wa nyuma wasisikie, kwamba gramu tisa ni kama pete ya ndoa tu.

"Nyumbani wewe ni mume wangu," alisema, wala hakushusha sauti. "Hapa wewe ni gramu tisa. Toka kwenye foleni, mzee, kapunguze."

Ukumbi mzima ulicheka. Fundi alikaa chini akapiga tupa, lakini saa nne ikagonga na meza ikafungwa. Kobe hakupigana mwaka ule. Walirudi nyumbani hawasemeshani. Jioni mkewe alimwekea chakula kingi kuliko kawaida, naye akala chote.

Kwa hiyo mwaka huu Fundi alitaka jambo moja. Kushinda hakuwa na haja nako. Alitaka Kobe apite kwenye mizani ile, bila mtu kumfanyia hisani, na mkewe aandike kwa mkono wake. Sasa mkono wenyewe haukuwepo, na mashindano yalibaki siku kumi na sita.

Mizani ilikuwa juu ya kabati, ndani ya sanduku lake. Asubuhi moja Fundi aliishusha. Aliweka jiwe la shaba, ikaandika mia tano. Tarakimu alizijua vizuri, ni maneno tu yaliyompiga chenga. Akaondoa jiwe, akamchukua Kobe mikononi. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna ambaye angejua.

Alisimama hivyo mpaka mikono ikaanza kuuma. Kisha akairudisha mizani sandukuni, akatoka na Kobe mpaka dukani, kwenye mizani ya sukari, ileile iliyomwangusha mwaka jana. Mwenye duka aliapa kwamba ameirekebisha, nayo ikasema kilo moja na nusu kamili.

Siku moja kabla ya mashindano alikuja fundi wa simu kuchukua mizani. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, ambaye Mama Mizani alimfundisha kazi ya kupima kwa miaka miwili, na sasa ndiye angekaa kitini pake. Alimwamkia Fundi, akampa pole tena, akamuuliza kama Kobe amepimwa. Fundi akamwambia amempima dukani. Yule mwanamke akalitazama sanduku, akamtazama na mzee, kisha akalibeba.

Kesho yake foleni ilifika mlangoni. Mbele ya Fundi alikuwa jamaa waliyemwita Spana, mwenye roboti iliyoitwa Nyigu. Spana alikuwa na mdomo. Alimwambia Fundi kuwa Kobe amenenepa, bila shaka kwa kula wali wa msibani. Halafu akajisikia vibaya, akamshika mzee bega.

Fundi akafika mezani.

"Pini?" aliuliza fundi wa simu.

"Ipo."

Akamweka Kobe kwenye mizani. Elfu moja, mia tano na kumi na nane. Gramu kumi na nane zaidi, mara mbili ya mwaka jana. Fundi wa simu aliinamia daftari, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nitaandika elfu moja mia tano. Nenda zako."

Spana alikuwa amesikia. Akageuka akawaambia wa nyuma kwamba mzee ana msiba na yeye hana neno, nani ana neno? Hakuna aliyekuwa na neno. Mmoja alisema hata Mama Mizani mwenyewe angeelewa.

Fundi alikitazama kiti alichokuwa akikalia mkewe. Kilikuwa kilekile, na ule mto wake mdogo wa kukalia.

"Asingeelewa," alisema. "Andika ilichosema mizani, mwanangu."

Akamchukua Kobe, akatoka kwenye foleni. Saa ya ukutani ilibakiza dakika ishirini kufika saa nne.

Alikaa sakafuni karibu na ukuta. Kukata gamba kwa msumeno kungechukua saa nzima. Betri haiguswi, gurudumu haliguswi. Spana akaja na sanduku lake la vifaa, akachuchumaa, akasema amkate Kobe mkia. Kobe hakuwa na mkia. Fundi akampangusa gamba kwa kiganja, na kiganja kikapita juu ya bolti. Zilikuwa nane, kuzunguka gamba lote, na chini yake alikuwa amechomelea vilevile. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Alichomelea geti, halafu hakuliamini, akaongeza bolti.

Akanyoosha mkono, Spana akampa spana.

Alitoa moja, akaruka moja, akatoa nyingine. Ya nne nati yake ilikuwa imeganda kwa matone ya kuchomelea, ikabidi akate kwa msumeno, jasho likimtiririkia machoni. Zikabaki nne, za pembeni. Alirudi mezani dakika tano kabla.

"Pini?"

"Ipo."

Elfu moja, mia nne tisini na nane. Fundi wa simu akaandika, kisha akageukia dirishani kwa muda, akitafuta kitu mkobani ambacho hakukipata.

Kobe alipangiwa Nyigu. Nyigu alimgonga dakika ya kwanza, akamgonga ya pili, cheche zikaruka ukutani, na watu wakangoja gamba litoke. Halikutoka. Dakika ya tatu Nyigu akaingia chini yake, akampindua, Kobe akabaki mgongoni magurudumu yakizunguka hewani. Wakahesabu mpaka kumi. Fundi akangoja visu visimame, akaingiza mkono, akatia pini. Spana alimpa mkono, akamwonyesha kisu cha Nyigu kilivyong'oka jino.

"Gamba la nini hili, baba?" aliuliza.

"Bati tu."

Alifika nyumbani mchana. Akamtua Kobe mezani, akahakikisha pini, ndipo akachemsha chai. Kikombe kimoja. Alikunywa huku akikagua gamba. Lilikuwa na makovu kumi na moja. Bolti nne zilizobaki hazikulegea hata moja, na matundu manne matupu hayakuwa yamepasuka.

Miaka yote hiyo, nyumbani, mkewe hakumwambia hata nusu neno juu ya uzito wa Kobe. Hakumgusa. Fundi akaiweka chai chini. Alhamisi ile alimgusa. Alimwinua kutoka mezani kwa mkono uleule uliopima vifurushi miaka ishirini na saba, akakaa naye kidogo pale mlangoni, wala hakuwa na haraka, na alipomkabidhi alisema:

"Bolti zote hizo, mzee, unamfungia nani?"