Tofali la Bi Chaji

Kuna waliojaliwa sauti, kuna waliojaliwa mbio, na kuna Bi Chaji, ambaye ukimwonyesha kitu chochote chenye uwazi ndani atakuuliza kwanza kama kinatosha betri. Alishatengeneza chaji ya kutembea nayo ndani ya kiatu cha kisigino kirefu. Alishaitengeneza ndani ya bata wa plastiki, bata ambaye ukimchomeka waya mahali pasipo na adabu, macho yanawaka. Chuo hakupita, na hasara ni ya chuo.

Karakana yake ilikuwa meza ya jikoni kwa dada yake. Betri alizozitoa kwenye kompyuta mbovu zilipanga foleni na vikombe. Kila moja aliichaji, akailaza siku kadhaa, kisha akaigusisha shavuni. Betri inayopata joto ikiwa imelala, alisema, ni kama mgeni anayenuna kabla hajakaribishwa: mtoe mapema. Dada mtu alivumilia, akavumilia, hadi asubuhi alipotia kijiko kwenye kopo la sukari akaibuka na skrubu.

"Mdogo wangu, nakupenda," alisema, akiinua ile skrubu mbele ya macho yake. "Lakini mwezi ukiisha, ama betri zitoke humu ama nitoke mimi. Na mimi siendi popote."

Hapo maji yakawa yamefika shingoni. Bila meza, Bi Chaji angebaki fundi wa mdomo tu, na mafundi wa mdomo mjini wametosha.

Shemeji yake, mume wa huyo dada, ni mwashi. Wakati huo alikuwa akijenga ghorofa mtaa wa pili. Pale soketi ilikuwa moja tu, ofisini kwa msimamizi, na mafundi walijazana humo na simu zao hadi msimamizi mwenyewe akawa anafanya kazi amesimama mlangoni. Chaji za mkononi alizowanunulia ziliota miguu zote. Bi Chaji kusikia hivyo akajifunga kibwebwe, akamfuata.

"Bosi, nitakutengenezea chaji ambayo mwizi ataikanyaga na asiione."

"Maneno hayo," alisema msimamizi.

"Nipe nafasi uone vitendo."

Msimamizi akakuna kidevu. "Sawa. Lete moja. Ikimaliza siku nzima hapa bila kupotea, kile chumba kando ya stoo ni chako. Kina taa, kina mlango, kina kufuli. Utatutengenezea humo humo."

Chumba chenye mlango! Bi Chaji alirudi nyumbani akitembea kama aliyeitwa kwenye posa.

Akatengeneza tofali. Usidhani ni mzaha. Lilikuwa na ganda la saruji na mchanga, likapakwa vumbi la tofali lililosagwa, kona moja akaimegua makusudi. Kitufe na tundu la waya akavificha ubavuni, ndani ya kidoa kama kovu la tanuri. Uzito ule ule. Tofali halali lingekutana nalo lingesema, ndugu yangu, tulichomwa tanuri gani?

"Si ulipake hata tone la rangi?" aliuliza msimamizi alipolipokea.

"Rangi? Mwizi naye ana macho, bosi."

Mdharau ushauri hana dawa. Asubuhi yote tofali lilifanya kazi vizuri. Saa ya chai msimamizi akachomoa simu yake ikiwa imejaa pomoni, akaliacha tofali juu ya rundo la wenzake, akaenda kugombana na dereva wa lori la kokoto.

Sasa mjue shemeji. Mwashi yule huwa hatazami matofali. Jicho liko kwenye uzi, mkono wa kulia una mwiko, na wa kushoto unarudi nyuma kwenye rundo peke yake, kama mkono wa mtu anayekula karanga huku akisikiliza mpira redioni. Ndiyo siri ya kasi yake.

Mnaona inakoelekea. Msimamizi hakuona. Aliporudi alimpigia Bi Chaji simu: "Dada, tofali lako limekwenda na wenyewe."

Bi Chaji alifika ndara moja mkononi. Akatazama rundo: limeisha. Akatazama ukuta: umefika kifuani. Akamtazama shemeji yake, naye akaanza kukagua mawingu.

"Shemeji. Umelijenga."

"Nani, mimi? Mkono huu unajua tofali kama mama anavyomjua mwanawe!"

"Basi leo mama kanyonyesha mtoto wa jirani."

Mafundi wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. "Kama limo ukutani, chumba sahau. Sitaki chaji zinazobeba ghorofa."

"Chumba tutazungumza," alisema Bi Chaji. "Kwanza litoke. Betri ikipondwa na uzito itafuka moshi."

Akapiga magoti, akaanza kubonyeza ukuta kwa kidole gumba, tofali moja baada ya jingine. Jengo zima likaacha kazi.

"Lisalimie kwanza!"

"Bonyeza lile, lina homa!"

Shemeji alistahimili, akashindwa. Akageuza mwiko wake, akaanza kugonga kwa mpini. Ngi. Ngi. Ngi. Tofali lililoiva hulia hivyo. Akashuka safu, akagonga tena. Ngi. Ngi. Bup.

Bi Chaji akakwangua saruji kwa ukucha, akabonyeza. Taa ndogo za kijani zikawaka ukutani, zikimkonyeza kila mtu.

Kelele zilizopigwa hapo ziliamsha mtaa. Shemeji akavua kofia. "Nimelijenga mimi, nitalitoa mimi." Saruji ilikuwa bado mbichi. Akabomoa kutoka juu, safu kwa safu, kwa uso wa mtu anayenyolewa na adui. Tofali likatoka, likapanguswa. Msimamizi akalikagua pande zote, hakuna ufa. Akachomeka simu. Ikachaji.

Bi Chaji akaona mwanya, akaupenya.

"Bosi, ulitaka chaji ambayo mwizi haioni. Fundi wako bora kuliko wote kaishika mkononi, kaipaka saruji, kaigonga kwa mwiko, kaipima kwa pima maji, na hakuiona. Sasa ushahidi unautaka wa namna gani?"

Msimamizi akacheka hadi akakalia mfuko wa saruji. "Chukua chumba! Ila matofali, la. Nataka kitu ambacho mafundi hawa hawawezi kukishika kwa bahati mbaya."

Kutoka ukutani, sauti ya shemeji ikanung'unika: "Tengeneza ufagio. Hapa hakuna anayegusa ufagio."

Ilisemwa kwa hasira, ikachukuliwa kwa mikono miwili. Wiki ile ile Bi Chaji alihamia chumba chake, akatoa fagio zenye mpini mnene, betri ndani, tundu la waya juu karibu na kiganja. Kila ghorofa ikapata wake. Hakuna hata mmoja ulioibiwa. Tatizo lilikuwa moja: mwenye maongezi marefu, waya ukiwa mfupi, hulazimika kutembea na ufagio.

Ndivyo dada mtu, alipokuja kuona chumba kipya cha mdogo wake, alivyomkuta mumewe kwenye ngazi, simu sikioni, ufagio mkononi.

"Baba watoto! Wewe na ufagio? Wa nyumbani hujui hata unalala wapi!"

"Taratibu, mama watoto. Nachaji."

"Ehee. Basi chajia pale kwenye kona, pana vumbi."

Shemeji akatazama kulia, akatazama kushoto. Mafundi walikuwa wakimwangalia wote. Akafagia.