Alizeti kwenye Bampa

Nyie vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla sijamaliza. Shule niliishia darasa la nne, lakini miguu iliyopauka naijua. Nyumbani kwangu hapa Ifakara hakuna mtoto aliyewahi kwenda misa ya Jumapili na miguu ya kijivu. Unamshika, unampaka mafuta mpaka magotini, ndipo anatoka.

Gari la mwanangu nalo lilikuwa limepauka hivyo hivyo. Bodi nyeupe haikuwa na neno, ila bampa na zile plastiki nyeusi za milangoni jua lilikuwa limekula rangi, zimebaki kama majivu. Na hilo ndilo lilikuwa gari la kumpeleka mjukuu wangu kanisani kufunga ndoa. Shangazi wa bwana harusi alipokuja kupanga shughuli alilizunguka, akapitisha kidole kwenye bampa.

"Bibi, gari lenu linaumwa? Mbona midomo imekauka?"

Wakacheka wote. Nikamwambia, "Jumamosi utalitambua kwa shida." Neno likawa limetoka.

Mwanangu aliagiza dawa ya plastiki kutoka Morogoro. Kichupa chenyewe kama cha dawa ya macho. Ijumaa, kabla hajaondoka na pikipiki kwenda shambani Mchombe, alinikabidhi. "Mama, mwambie mke wangu aoshe kwa sabuni, akaushe, apake kidogo tu, kisha afute. Wewe usihangaike."

Usihangaike! Mkwe wangu alikuwa na masufuria ya harusi mpaka shingoni. Nikakiacha kichupa juu ya kabati, nikachukua chupa ya mafuta ya alizeti. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa, nikapaka. Plastiki ikanywa, nikaongeza. Ikawa nyeusi kama mbegu ya papai.

Mwanangu aliporudi alipiga mluzi. "Mama! Kumbe ile dawa kali!"

"Si unaona," nikamjibu.

Sikusema uongo. Na kweli sikuisema.

Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, mpunga wa harusi haujakobolewa. Basi Jumamosi alfajiri umeme ulipowaka, mwanangu alipakia magunia garini akaenda mashineni kukoboa. Aliegesha kwa nyuma, pale bomba linapotema pumba. Misa ilikuwa saa nne, na padri alikuwa na ndoa tatu siku hiyo. Alishatuambia hamngojei mtu.

Saa mbili na nusu nikasikia mkwe wangu anapiga ukelele uani. Nilitoka. Gari lilikuwa limeota manyoya! Pumba imeganda kuanzia bampa mpaka milangoni, vumbi juu yake. Bodi nyeupe ilikuwa safi. Pumba ilishika kila mahali mkono wangu ulipopita, na hapo tu.

Bibi harusi akatokea na gauni lake jeupe amelikusanya mikononi. "Bibi, nitapandaje? Litagusa!"

Mwanangu aliingia ndani mbio kuchukua dawa. Akatoka polepole. "Mama, hiki kichupa hakijafunguliwa."

Mimi niliyechapa watoto kwa kujibu nusu nusu, nimesimama mbele yao hivyo. Nikasema, "Ni mimi. Nilipaka alizeti."

Mkwe wangu akasema: "Basi, mama, jana tumekaanga gari."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Tulichemsha maji, tukamwaga sabuni ya vyombo, tukasugua kwa brashi ya viatu, na kwenye mikunjo kwa mswaki. Nilipiga magoti na kitenge changu cha harusi. Mafuta yalikataa, tukarudia mara tatu. Tukakausha mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Mwanangu akadondosha dawa kidogo kwenye sponji, akapaka, akafuta. Weusi ukarudi, na mkono ukipita haushiki kitu.

Tulifika kanisani saa nne kasoro dakika tano. Shangazi mtu alipitisha kidole tena, akakitazama. "Midomo imepona, bibi." Magoti yangu yalikuwa bado yamelowa.

Kesho yake, kabla ya chai, niliwaita wote wa nyumba yangu. Nikawaambia: chupa ya alizeti isitoke jikoni. Na mtu akiniuliza jambo nikamjibu nusu, hata kama nimekunja uso, aniulize tena.