Faili ya Kufunguliwa Mara Moja

Wacha niseme tu, maana kijijini kwetu Mwanda wote wanajua, na hata nikishuka sokoni Mwatate kuna mama wa nyanya huniuliza kama kuku wangu wamepona.

Marehemu Baba ndiye alikuwa akianzisha nyimbo kwa kwaya ya kanisa. Kaseti yao ilikuwa moja, na mimi nikiwa mtoto nikarekodi juu yake nikijifanya mtangazaji wa mpira (Mama hakunichapa, na hiyo ndiyo iliniuma). Miaka yote hii, nikisinzia mchana na lile joto la Voi kwa duka langu la kompyuta, namsikia Baba akianza wimbo, halafu unakatika.

Sasa kwa grupu moja ya WhatsApp kukawa na hadithi ya faili: kwaya yetu, ilirekodiwa na redio zamani ikapotea, eti ukiipata unaifungua mara moja tu, ukirudia inajifuta. Na mimi, fundi wa kompyuta mzima, jameni, nikaamini! Nikaidownload, sikuigusa, nikamwambia Mama, "Siku ya kumbukumbu ya Baba utamsikia." Mama akajinunulia leso mpya.

Siku ikafika, ukungu umeingia hadi ndani ya kanisa, watu wanaonekana nusu nusu kama walio usingizini, nikaunganisha simu na spika, Mchungaji akasema, "Tusimame," tukasimama, Mama amefumba macho, nikabonyeza.

"Je, kuku wako wanaharisha?"

Nikajaribu kuzima, simu ikaganda, kumbe ni tangazo la dawa ya kuku, na mwanamume wa tangazo akaendelea kueleza kinyesi, mara kijani, mara cheupe (na kuku mwenyewe akalia!), vijana wa nyuma wameziba midomo, nikavuta waya, spika ikapiga yowe. Nilitamani ukungu unimeze.

"Mama, nisamehe. Hata ile kaseti..."

"Nyamaza, ulikuwa na miaka saba," akasema, macho bado amefumba, halafu akaanza ule wimbo yeye mwenyewe, sehemu ya Baba, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na pale ambapo kwangu hukatika yeye akapita, akaendelea, kanisa lote likamwitikia. Nililia mbele ya watu wote.

Tukiwa kwa chai shangazi akauliza, "Umerekodi lakini?" Nikaangalia simu. Bado imeganda kwa kuku.

Siku hizi faili yoyote naifungua kwanza nikiwa peke yangu, mlango nimefunga. Na Mama kila nikimwomba arudie ule wimbo anacheka: "Si ulisema hufunguliwa mara moja tu?"