Salfa ya Kukadiria kwa Macho

Juzi nilimwona mwanafunzi wangu wa ufamasia akipima salfa, gramu kumi kwa mia moja ya mafuta, nikamkumbuka yule mwenye farmasi kule Nyawera, mjinga aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Nilikuwa bado mtoto; mama alikuwa ametupeleka, mimi na mdogo wangu Nabintu, mwenye upele. Yule bwana alimwaga unga kwenye vazelini bila kupima, harufu ya kiberiti ikatujaa puani.

"Papa, hauna balance?" mama aliuliza.

"Maman, mimi nilisoma. Macho yangu njo balance."

Nilimstaajabia, nilidhani wasomi hawahitaji mizani.

Mama alimpaka usiku huo, na kesho yake ngozi ya Nabintu ilichubuka, akalia hadi sauti ikamkauka. Tukarudi farmasi.

"Ngozi ya huyu mutoto njo iko mubaya," alisema yule bwana, bila hata kumtazama.

Nami nikamwamini. Njia nzima nilimgombeza Nabintu.